Ikipotea sifuri, isipopotea sifuri

Assalamu alaikum Mwalimu,

Mimi ni nahodha wa mashua hapa Lamu. Kazi yangu ni kuvusha mchanga, simiti na mabati kutoka Mokowe hadi mjini. Shule niliishia darasa la nane, lakini nina binti yuko kidato cha tatu na Mungu amempa kichwa. Tangu yuko mdogo tuna desturi yetu: baada ya isha tunatandika mkeka, yeye na vitabu vyake, mimi na kahawa yangu. Swali likimshinda hunitafsiria kwa Kiswahili nimsikilize. Mara nyingi kabla sijajibu huwa ameshalipata mwenyewe, anacheka, anaandika.

Muhula huu wameingia kwenye vitu vinavyogongana. Walipewa swali: toroli ya kilo 2 yaenda mita 3 kwa sekunde, inaigonga toroli ya kilo 1 iliyosimama. Mbele imebandikwa plastisini, kwa hiyo zinanasana na kwenda pamoja. Zitakwenda kwa kasi gani? Akaniuliza, "Baba, nguvu yapotea ama haipotei?" Mimi kwa hilo sihitaji kitabu. Miaka ishirini nagonga na kugongwa. Nikamwambia vyombo vikigongana nguvu hupotea, hapana budi; mlio wausikia, mbao zilizochubuka waziona. Hesabu yake ilimpa 2, nikamwambia apunguze kidogo. Akaandika moja na nusu. Sifuri.

Wiki ya pili jaribio jingine, swali ni lile lile. Mwalimu wao alikuwa amewaambia darasani kwamba haipotei. Basi akafanya ya haipotei, akapata 2.45. Sifuri tena.

Sasa Mwalimu, ikipotea sifuri, isipopotea sifuri. Alikuja nyumbani akaniambia mbele ya mamake, "Baba, la kwanza wewe ndiye uliyeniharibia." Tangu siku hiyo yuwasomea chumbani, mlango kaurudisha. Mkeka nautandika peke yangu. Anasema fizikia ina hila, anataka kuiacha achukue somo jingine, na mamake yuko upande wake.

Nijibu mawili. Je, nalimwambia uongo? Na nikae kando sasa, niwaachie walimu?

Nahodha wa Langoni, Lamu

*

Waalaikum salaam Nahodha,

Hukumwambia uongo. Mwalimu wake naye hakumwambia uongo. Mkosaji ni neno moja, nalo umeliandika wewe mwenyewe katika barua: nguvu.

Kitabu cha binti yako kina maneno mawili yasiyohusiana hata kwa ukoo, momenta na nishati. Anapokutafsiria pale mkekani, kwa haraka, yote mawili huyageuza kuwa nguvu. Kisha liko la tatu, ule msukumo wenyewe wa kitu kukisukuma kitu, ambao vitabu vya Tanzania huuita kani. Kwetu huo nao ni nguvu. Umepakia mchanga wa watu watatu ndani ya mashua moja, mtu anasimama gatini anakuuliza, "Mzigo umefika?" Wa nani?

Nami nisijitoe. Nimefundisha somo hili miaka mingi kabla ya kustaafu, na miaka ya mwanzo nilikuwa naandika ubaoni HAIPOTEI kwa herufi kubwa, napiga mstari chini yake, wala sisemi ni nini kisichopotea. Watoto walipokosea nikawalaumu watoto.

Tuyatenganishe basi, na tuanze na upondo wako. Sema mashua imesimama, maji yametulia, wewe waisukuma. Ukiisukuma kwa sekunde 2 itapata kasi fulani. Ukiisukuma kwa nguvu ile ile kwa sekunde 4, itapata kasi mara mbili ya ile. Kinachojilimbikiza kwa kusukumwa *muda* fulani ndicho momenta. Hesabu yake ni uzito mara kasi. (Mwalimu wa darasani atanikosoa kwamba ni tungamo, si uzito. Ana haki yake. Mimi hapa naongea na nahodha.)

Sasa acha kuhesabu sekunde, hesabu *masafa*. Katika zile sekunde 4 mashua haikwenda masafa mara mbili, ilikwenda mara nne, kwa sababu kadiri unavyosukuma ndivyo inavyozidi kukimbia. Kinachojilimbikiza kwa kusukumwa masafa fulani ndicho nishati ya mwendo. Hesabu yake ni nusu ya uzito mara kasi mara kasi tena. Ndiyo maana kasi ikizidi mara mbili, momenta huzidi mara mbili lakini nishati huzidi mara nne. Wewe hili unalijua kwa mwili: kugonga gati kwa kasi maradufu hakuumizi mara mbili tu.

Shika hayo mawili, muda na masafa, kisha tuzame kwenye mgongano wenyewe, maana hapa ndipo penye siri yote na vitabu vingi hupapita mbio.

Mashua yako inaigonga ya mwenzio, ambayo iko huru, haikufungwa popote. Lile tairi kuukuu ulilolining'iniza ubavuni linabonyea. Kwa muda wote linapobonyea, wewe unaisukuma yake mbele na yake inakusukuma wewe nyuma, na misukumo hiyo miwili iko sawasawa. Newton aliliandika hilo mwaka 1687. Na muda je? Mmegusana pamoja na mtaachana pamoja. Haiwezekani wewe umguse kwa sekunde moja naye akuguse kwa mbili. Msukumo sawa, muda sawa. Basi momenta iliyokutoka wewe ndiyo hasa iliyomwingia yeye, wala halibaki tone njiani. Vunjeni mbavu zote za vyombo viwili, mlio usikike mpaka Shela, jumla ya momenta iko pale pale.

Lakini masafa hayakuwa sawa. Tairi linapobonyea, chombo chako kimesogea mbele tuseme sentimita 30, chake kimesogea 20. Zile 10 za katikati ni pale tairi liliposinyaa. Umelipa nishati ya sentimita 30, mwenzio kapokea ya 20. Ya 10 iko wapi? Imo ndani ya tairi. Tairi likiwa zima, litajinyoosha, litawasukuma muachane, na ile nishati itarudi kwenye mwendo. Likiwa limeoza, au mahali pa tairi pana plastisini, au ubao umepasuka, hairudi. Imekuwa joto, imekuwa mlio, imekuwa ufa.

Basi ulichokiona miaka ishirini kikipotea ni nishati ya mwendo, na uliona sawa. Hata hiyo, kwa kusema kweli, haikutoweka duniani, imehama tu kutoka kwenye mwendo. Na hapo ndipo "haipotei" nyingine inapoingia kumchanganya mtoto, kwa sababu sura nyingine ya kitabu chake inasema nishati kwa jumla haipotei. Aliichukua ile ya sura ile akaileta huku. Momenta haina mlio wala haichubui mbao, kwa hiyo hukuwahi kuiona, wala si kosa lako.

Tuzirudie sifuri zake mbili. Kabla ya kugongana, momenta ni kilo 2 mara mita 3, yaani 6. Toroli ya pili imesimama, haina kitu. Baada ya kunasana ni kitu kimoja cha kilo 3, na lazima kiwe na 6 zile zile. Kasi ni mita 2 kwa sekunde. Ile hesabu iliyompa 2, ukamwambia apunguze, ndiyo iliyokuwa jibu. Pole sana. Kwa moja na nusu, momenta ingekuwa 4.5, na 1.5 imezama baharini bila mtu wa kuipokea.

Na 2.45 aliipata hivi: nishati ya mwanzo ni nusu ya 2 mara 3 mara 3, yaani jouli 9 (jouli ndicho kipimo cha nishati). Akazigawia jouli zote 9 kwa kilo 3, akatoa kipeuo cha pili, ikaja 2.45. Hesabu safi, haina doa. Lakini pima momenta yake: 3 mara 2.45 ni 7.35. Walianza na 6. Hiyo 1.35 ya ziada wamepewa na nani? Jibu la kweli, mita 2 kwa sekunde, lina jouli 6 tu. Jouli 3, theluthi nzima, zimebaki ndani ya plastisini. Ukiiminya kwa kidole utaiona imebonyea, ndizo hizo.

Zidisha mara elfu uone za kwako. Mashua ya tani 2 kwa mita 3 kwa sekunde, imeigonga ya tani 1 na kunasana nayo: jouli 9000 zinakuwa 6000, na 3000 ndizo zilizochubua mbao. Uliposema "hupotea" ulikuwa unaziongelea hizo 3000.

Utaniuliza: na jahazi likigonga gati likasimama, momenta yake imekwenda wapi, maana gati halikusogea? Imeingia kwenye gati, na gati limeota kisiwani, na kisiwa ndicho dunia. Dunia imepokea, ila kwa uzito wake ule kasi inayopata haipimiki. Maji nayo hula momenta kila wakati, ndiyo sababu ukishusha tanga mashua husimama bila kugonga chochote. Sheria hii inadai vyombo viwe viwili tu, hapana wa tatu anayesukuma kutoka nje. Baharini wa tatu yuko siku zote. Kwa hiyo bahari, pamoja na yote inayofundisha, katika hili ni mwalimu mbaya kidogo, na toroli ya shule iliyowekwa kwenye ubao ulioinamishwa kidogo ili mteremko ufidie msuguano ni mwalimu bora.

Mahali panapoonyesha upande wa pili, pale nishati inaporudi yote au karibu yote, ni ubao wa keram. Hapo nina hakika binti yako anapajua kuliko mimi. Katika mashindano ya kimataifa straika, ile kubwa ya kupigia kete, haizidi gramu 15, na kete ni gramu 5 na kitu. Tuseme 15 na 5. Mwaga poda, weka kete moja katikati, piga straika iende kwa mita 4 kwa sekunde na kuipata kete katikati ya uso, isiende mshazari. Ikiwa mgongano haumezi nishati kabisa, straika itaendelea mbele kwa mita 2, na kete itatoka kwa mita 6. Jumlisha momenta: mwanzo 15 mara 4 ni 60, mwisho 15 mara 2 ni 30, na 5 mara 6 ni 30, jumla 60. Jumlisha nishati: mwanzo nusu ya 15 mara 16 ni 120; mwisho straika ina 30 na kete ina 90, jumla 120. Zote mbili zimetimia. Ila angalia zilivyogawana, maana mimi hili hunifurahisha hadi leo: momenta wamegawana nusu kwa nusu, nishati kete imebeba robo tatu. Mdogo kaondoka na kasi, na anayeondoka na kasi ndiye aondokaye na nishati.

Kisha weka kete mbili, piga moja kwa nyingine, sawa kwa sawa. Iliyokuwa inakwenda itasimama, iliyokuwa imesimama itakwenda kwa kasi ile ile. Zimebadilishana. Mfanye arudie mpaka aone, maana kete ikipigwa pembeni kidogo tu hutoka kwa mshazari na somo lenu ni la mstari mmoja.

Kitabu chake huiita migongano ya namna hii elastiki, na ile ya kunasana inelastiki kamili. Duniani vingi viko katikati. Kuna kipimo rahisi ambacho ningependa kila mtoto akijue: tazama vilikuwa vinakaribiana kwa kasi gani, kisha tazama vinaachana kwa kasi gani. Straika na kete zilikaribiana kwa 4, zikaachana kwa 6 toa 2, ambayo ni 4. Sawa, kwa hiyo hakuna nishati iliyomezwa. Toroli za plastisini zilikaribiana kwa 3 zikaachana kwa 0. Newton aligonganisha mipira iliyoning'inia kwa nyuzi, akakuta ya sufi iliyoshindiliwa ikikaribiana kwa 9 huachana kwa 5, na ya kioo ikikaribiana kwa 16 huachana kwa 15. Ni tairi zima na tairi bovu, kwa lugha yako.

Sasa nikupe kitu cha kumpelekea, kitu ambacho wewe utamfundisha yeye, maana naona hapo ndipo panapokuuma.

Mwaka 1644 Mfaransa René Descartes alichapisha kanuni saba za vitu kugongana, na nyingi zilikuwa makosa. Kosa lake kubwa lilikuwa kusahau upande. Alihesabu ukubwa mara kasi bila kuuliza kitu kinaelekea wapi, kana kwamba mashua inayokwenda Shela na inayotoka Shela ni moja. Kanuni yake moja ilisema kitu kidogo hakiwezi kukisogeza kikubwa kilichosimama hata kikigonge kwa kasi gani. Mtoto yeyote wa Lamu aliyewahi kukaa ukingoni mwa gati na kulisukuma jahazi kwa mguu, akaliona linaanza kujongea pole pole, angemcheka.

Aliyeyanyoosha mambo ni Mholanzi Christiaan Huygens, na alitumia mashua. Simtanii nahodha, ndivyo ilivyo. Uholanzi ni nchi ya mifereji, na katika kazi aliyoianza miaka ya 1650, ikachapishwa 1703 baada ya kufa kwake, aliwaza hivi. Mtu amesimama ndani ya mashua inayokwenda taratibu kando ya ukingo, mwingine yuko nchi kavu. Wameshikana mikono, na mikononi wameshika nyuzi mbili zenye mipira miwili sawa. Mtu wa mashuani anaigonganisha: kila mpira wamjia mwenzake kwa mita 1 kwa sekunde (namba ni zangu), inadunda, kila mmoja unarudi ulikotoka kwa mita 1. Hilo halina ubishi, ni sawa kwa sawa. Lakini mashua nayo yaenda kwa mita 1. Yule wa nchi kavu anaona nini? Mpira unaokwenda upande wa mashua anauona unakwenda 2. Unaokwenda kinyume anauona umesimama. Baada ya kugongana, uliokuwa unakwenda umesimama, uliokuwa umesimama unakwenda 2. Mgongano ni mmoja, mikono ni ile ile, na papo hapo amepata kanuni ya kete mbili za keram bila kugusa ubao.

Wewe unaifanya hiyo kila siku ukipita mbele ya forodha na abiria anatupa chungwa juu na kulidaka. Mchukue binti siku moja ya kusafiri bila mzigo, akae tezini, umwambie hiyo habari ya Huygens huku ukingo unapita. Kisha mwambie hili pia: mwaka 1668 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, ilipowaomba wataalamu waeleze sheria za migongano, John Wallis alijibu kuhusu vitu vinavyonasana, na Christopher Wren na Huygens wakajibu kuhusu vinavyodunda. Hata wao waligawana. Hakuna aliyejaribu kutumia jibu moja kwa vyote viwili, kama yeye alivyofanya na ile 2.45.

Na la hori, ule mtumbwi mdogo. Hori iwe huru, yeye asimame ndani, aruke kuelekea ufukweni mahali maji yamfika magotini. Tuseme ana kilo 50 na hori ina kilo 100. Akiruka mbele kwa mita 2 kwa sekunde, hori itarudi nyuma kwa 1. Mwanzo momenta ilikuwa sifuri. Mwisho ni 100 kwenda mbele na 100 kwenda nyuma, bado sifuri, mradi asisahau kuweka alama ya kutoa kwa inayorudi. Nishati ilikuwa sifuri, sasa ni jouli 150, zimetoka kwenye misuli yake. Kwa hiyo nishati ya mwendo hata kuongezeka huongezeka, na momenta haikutikisika. Nakuomba neno moja: usiishike kamba ya hori. Najua mkono wa baba hauwezi kukaa tu mtoto anaporuka, lakini ukiishika umeingia wa tatu na hesabu imeharibika.

Kwa mtihani, kabla hajashika kalamu, ajiulize vimenasana au vimeachana. Vikinasana ni momenta peke yake, nishati aihesabu mwisho akiulizwa ni kiasi gani kimehama. Vikiachana, aanze na momenta vile vile, na nishati aiguse tu ikiwa swali limesema mgongano ni elastiki au limempa kasi za kutosha kujionea. Achague upande mmoja uwe chanya, auchore kwa mshale juu ya karatasi, na asiubadilishe katikati. Alama nyingi nilizowanyima watoto zilipotea kwenye huo mshale.

Kuhusu kuiacha fizikia, hapana, angalau si kwa sababu hii. Makosa yake mawili ni ya mtoto msikivu. La kwanza alikusikiliza wewe, la pili akamsikiliza mwalimu. Toroli zenyewe hajazisikiliza. Nenda shuleni, kwa adabu zako zote, usiende na lawama, muombe mwalimu amruhusu afanye jaribio kwa mikono yake, kwa kile kifaa kinachodona nukta 50 kwa sekunde kwenye utepe wa karatasi unaovutwa na toroli. Kwa kasi za swali lenu, nukta zitaachana sentimita 6, 6, 6, halafu mahali pa mgongano ghafla ni sentimita 4, 4, 4. Atakuja na utepe huo nyumbani, na hatakuja nao kwa mamake.

Mamake naye usimwekee kinyongo. Amemwona mtoto analia, amefanya kazi yake.

Ukae kando? Mtu aliyekuwa akisikilizwa mkekani miaka yote hiyo akae kando kwa sababu ya 1.5? Ila usigonge ule mlango na maelezo. Mwombe akueleze tofauti ya yale maneno mawili kwa Kiswahili, bila kutumia neno nguvu hata mara moja. Atahangaika, nawe utamsaidia kwa upondo na tairi, ataona kwamba uliyokuwa ukiyasema yalikuwa na mahali pake. Ukimtaka radhi kwa ile ya "punguza kidogo", mtake mara moja, kwa maneno machache, mbele ya mamake, maana mbele ya mamake ndipo alipokulaumu.

Na usiku huo, ukishatandika mkeka, weka ubao wa keram kando ya kahawa, na mpe swali hili bila kumwambia jibu: mashua ya kilo 2000 yaenda mita 3 kwa sekunde kuelekea Shela. Ya kilo 3000 inatoka Shela kwa mita 2 kwa sekunde. Zimegongana omo kwa omo, zikanasana. Zitakwenda upande gani, na jouli 15,000 zitakuwa wapi? Ukimwona ameweka mshale, ameandika mstari mmoja, kisha ameinua uso anacheka kabla ya kumaliza, mmiminie naye kikombe.